Mwili Wangu Si Kabila

Tarehe 5 Septemba 2002 mwili wangu ulipewa kabila ambalo si langu. Baba yangu ni Mngiti, yaani Mlendu wa kusini, wa Walendu Bindi. Mama yangu, baba yake ni Mbira na mama yake ni Mhema, na kwa huyo bibi ndiko nilikochukua urefu, shingo na pua nyembamba. Nilizaliwa Nyankunde na nikakulia hapo, kusini-magharibi mwa mji wa Bunia, Ituri, mashariki mwa Kongo, katika ardhi ya Wabira wa Andisoma. Mwaka 2002 nilikuwa msichana mkubwa, najifunza kushona. Watu waliponiambia nimefanana na bibi, nilifurahi.

Kwa wasiopajua Nyankunde, niseme palikuwaje. Palikuwa mji mdogo wenye hospitali kubwa. Baada ya uasi wa Simba wa 1964, makanisa ya kiinjili na wamisionari waliunganisha nguvu wakajenga hapo kituo cha tiba. Dakta Carl Becker alihamia kutoka Oicha, na Dakta Helen Roseveare alifundisha wauguzi pale mpaka 1973. Ndege ndogo za MAF, shirika la ndege la wamisionari, zilikuwa na uwanja wao hapo hapo. Katika wodi moja ungemkuta Mlendu amelala, Mhema anamtundikia dripu, Mnande anapiga deki, na mama wa Kibira anaingia na bugali na sombe kwa ajili ya jamaa yake. Hatukuwa malaika. Masengenyo yalikuwepo, na mengi yalihusu miili: Wabira wafupi, Wahema wana shingo ndefu, Walendu weusi kupita kiasi, Wambuti wa msituni si watu kamili. Tulicheka. Hakuna aliyefikiri kwamba utani ule ulikuwa unaandika orodha.

Kabla sijaendelea niseme wazi jambo ambalo wengi wetu hulikwepa tunapotoa ushuhuda. Tarehe 31 Agosti mwaka huo huo, wapiganaji wa UPC, kundi la waasi lililoongozwa na Thomas Lubanga, pamoja na wanamgambo wa Kihema na wa Kibira walishambulia Songolo, kwa Wangiti, wakaua raia wapatao 140. Waliokuja Nyankunde siku chache baadaye, wapiganaji wa Kingiti pamoja na askari wa APC, jeshi la kundi lingine la waasi, walikuja na hasira ya Songolo. Waliua nyumba kwa nyumba, wakaingia hospitalini, wakaua wagonjwa vitandani. Mauaji yaliendelea kwa siku kadhaa. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria kuwa Wahema, Wagegere ambao ni Wahema wa kaskazini, na Wabira wasiopungua 1,200 waliuawa. Mimi ni mtoto wa kabila la waliokuja kuua, na wa damu ya waliouawa. Sina upande wa kukimbilia katika habari hii.

Walitupanga mstari nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa hospitali. Kijana mmoja, rika la kaka yangu, alisimama mbele yangu. Aliweka kidole juu ya mfupa wa pua yangu, akakishusha taratibu mpaka nchani, kisha akamwambia mwenzake kwa Kingiti kwamba huyu ni wa kule. Nilimjibu kwa Kingiti. Nilimtajia babu yangu, ukoo wetu, na kijito ambako watu wa baba yangu wanateka maji. Alinitazama mdomo muda mrefu. Kisha akanisukuma kando.

Aliyesimama karibu yangu alikuwa mama mmoja wa Kibira, jirani yetu, aliyekuwa akinifundisha ushonaji. Alikuwa mfupi, mwenye nyonga pana na pua pana, hana lolote la Kihema katika sura yake. Kidole hakikumgusa. Waliongea naye kwa Kingiti, akashindwa kujibu, wakamchukua. Alikuwa na futikamba shingoni. Alitoka nyumbani mbio nayo bila kuivua. Sikumwona tena. Ninachojua kuhusu kukata kwapa la blauzi lisibane, yeye ndiye alinifundisha.

Namshukuru Mungu aliyenihifadhi. Lakini nimekataa, tangu siku ile hadi leo, kusema kwamba nilipona kwa sababu nilistahili kuliko yeye. Nilipona kwa sababu watu wenye mapanga walikuwa na mitihani miwili, mmoja wa sura na mmoja wa ulimi, na mimi nikashinda wa pili.

Msafara wa manusura ulielekea kusini kwenda Oicha, karibu kilomita 150, madaktari na wauguzi wakiwa wamebeba wagonjwa wasioweza kutembea. Nilitembea nao. Njiani ndipo nilipojua kuwa mwili wangu ungenisumbua pande zote. Wahema waliokuwa wakikimbia waliniita dada, wakanigawia muhogo wao. Usiku mmoja mtu alinisikia nikiota kwa sauti, kwa Kingiti. Kulipokucha hakuna aliyekaa karibu nami. Siwalaumu. Walikuwa wameona yale niliyoyaona. Lakini wale wale walionipenda kwa pua yangu, ndio walioniogopa kwa lugha yangu, na katika hayo yote hakuna aliyeniuliza mimi ni mtu gani.

Kutoka Oicha tulifika mji wa Beni, tukakaa miaka. Huko niliajiriwa na fundi mmoja, nikashona sare za shule, na jioni nikawa nasoma kitabu chochote kilichonifikia. Nilitaka kujua kidole kile kilitoka wapi. Kijana yule hakukibuni mwenyewe.

Nilichokikuta ni hiki. Mwaka 1863 Mwingereza John Hanning Speke alichapisha kitabu cha safari yake ya kutafuta chanzo cha Nile, na humo akadai kwamba watawala warefu wa nchi za maziwa makuu lazima wawe wametoka kaskazini, watu wa asili nyingine, walio karibu zaidi na Wazungu, na kwamba ndio walioleta ustaarabu kwa weusi waliowakuta. Hakuwa na ushahidi. Alikuwa na macho yake tu na dharau aliyokuja nayo kutoka kwao. Wabelgiji walilichukua wazo hilo wakalifanya sera. Ruanda walipima pua na vichwa vya watu kwa vyuma. Huku Ituri, baada ya chifu Bomera wa Wahema kuuawa mwaka 1911, serikali ya kikoloni iliwatenga Wahema na Walendu, kila mmoja na eneo lake, na katika shule, kazi na mashamba Wahema wakatangulizwa. Ubaguzi wa rangi ulikuja kwetu umevaa joho la elimu. Mzungu alisema mweusi ni wa chini. Halafu miongoni mwa weusi akachagua ambaye hakuwa mweusi sana, ambaye pua yake ilimkumbusha ya kwake, akampa ngazi ya juu kidogo.

Sisemi vita vyetu vilitoka puani. Vilitoka kwenye ardhi, hasa baada ya sheria ya ardhi ya 1973 iliyowapa wenye pesa na elimu njia ya kununua mashamba ambayo watu walikuwa wakiishi juu yake. Vilitoka kwenye dhahabu, na kwenye jeshi la Uganda lililoingia 1998 na kuwapa silaha wa upande huu na wa upande ule. Kati ya 1999 na 2003 watu zaidi ya 50,000 walikufa Ituri. Ardhi na dhahabu ndizo sababu. Lakini mpiganaji anapofika kwenye mlango, hana hati ya shamba mkononi. Ana macho. Wagegere wanaongea Kilendu tangu mababu zao, kwa hiyo hata lugha haitoshi kuwatenga. Ndipo mwili unapoitwa kutoa ushahidi, na mwili hauna la kujitetea.

Mdogo wangu alichukua rangi ya baba, nyeusi ya kung'aa. Beni wasichana wenzake walimwita kwa majina ya msituni. Alianza na kopo dogo lisilo na lebo, lililouzwa sokoni kwa kijiko, mama muuzaji akiwa amechanganya mwenyewe. Katika makopo ya namna hiyo huwa mna haidrokwinoni, au zebaki, au dawa za steroidi ambazo daktari huziandika kwa uangalifu na kwa muda mfupi. Mimi ni mshonaji, naona vitu ambavyo wengine hawaoni: kola zake zilianza kuwa na doa la manjano, na uso ulipokuwa mwekundu, vifundo vya vidole vilibaki vyeusi vile vile. Alipojifungua kwa upasuaji, daktari alilalamika kwamba ngozi ilikuwa ikichanika chini ya sindano. Kidonda kilichelewa sana kufunga. Nilimwuguza, na usiku mmoja nilimwuliza kwa nini. Nilitegemea aniambie habari za wanaume au za urembo. Alisema, "Dada, nilitaka mtu akiniangalia asijue natoka wapi."

Jibu hilo limekaa nami kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia juu ya kujikubali. Watu hudhani kujichubua ni upuuzi wa wasichana wanaoiga picha za kwenye simu. Wako wanaoiga, ndiyo. Mdogo wangu alikuwa mkimbizi ndani ya ngozi yake. Ukimpa somo la kupenda rangi yake bila kugusa hofu iliyompeleka kwenye lile kopo, umempa nusu ya dawa. Na ukimhubiria amani ya makabila huku ukicheka "yule mweusi", hujampa kitu.

Tulirudi Nyankunde taratibu, watu walipoanza kurudi na hospitali ilipoanza kusimama tena. Nilizaa, nikanenepa, na sijapungua. Kwa wazee wetu kunenepa ni shibe na heshima, na mwembamba ndiye aliyenong'onwa kuwa ana ugonjwa. Siku hizi mambo yamegeuka, hasa mjini. Wenye pikipiki Bunia hunidai nauli ya watu wawili kabla sijafungua mdomo. Kwenye mkutano wa misaada niliambiwa mbele za watu kwamba mimi sihitaji unga. Yote hayo yaliniuma, ila kulikuwa na jambo lililonishtua zaidi: tangu ninenepe, hakuna tena anayeniita Mhema. Pua ni ile ile, mashavu tu yameizunguka, na wageni wakiniona hudhani mimi ni Mbira. Kumbe kilo zinaweza kumbadilisha mtu kabila. Jambo ambalo watu walikuwa tayari kuua kwa ajili yake lilifutika kwa sababu ya bugali na uzazi.

Hapo ndipo niliposhika kwamba mambo mawili niliyokuwa nayabeba mbali mbali, kabila na umbo, ni mzigo mmoja.

Niliajiriwa kushona nguo za harusi moja. Kamati ya harusi ilikuwa imekubaliana na wasichana wa kumsindikiza bibi harusi, nami nikawaita kuwapima. Wakaja, nikaandika vipimo vyao kwenye daftari. Kesho yake mjumbe wa kamati akarudi na karatasi: wawili waondolewe. Mmoja alikuwa mnene, angeharibu picha. Wa pili alikuwa mpwa wa bwana harusi mwenyewe, binti mzuri, mfupi na mweusi, na yule mjumbe akasema amefanana na Mmbuti, watu wangeuliza ukoo huu umechanganyika na nini. Alisema kwa sauti ya kawaida, akihesabu pesa ya vitambaa. Alikuwa mtu wa kanisa, na katika kamati ya amani ya mtaa alikuwa na kiti.

Nilimwambia vitambaa viko hapa, pesa iko hapa, na nitashona kwa vipimo vilivyo kwenye daftari, vyote au hakuna. Akadhani nataka kuongezewa. Nikamweleza habari ya kidole kwenye pua yangu. Nilimweleza bila kelele, maana nilitaka asikie. Nikamwuliza: huyu mnene unayemtoa kwa sababu ya picha, na huyu mweusi unayemtoa kwa sababu ya ukoo, umetumia macho mawili au jicho moja? Alikaa. Wale wasichana wote walivaa. Yule mfupi nilimshonea kwa uangalifu kuliko wote, kwa sababu mafundi wengi humpa mtu mzima mfupi mkato wa mtoto, na hiyo ni dharau iliyoshonwa: mkunjo wa kifua unakuwa juu mno, kiuno kinakaa mahali pasipo kiuno, na mwenye nguo anaonekana amevaa cha kuazima.

Baada ya harusi ile akina mama walianza kuja dukani kwangu Jumamosi alasiri, kwanza kwa nguo, baadaye kwa mazungumzo. Tuna likelemba yetu, yaani kuchangiana pesa kwa zamu, na tuna sheria moja: huruhusiwi kutaja mwili wa mwenzako kwa dharau wala kabila lake kwa dharau, na anayevunja analeta sabuni. Wako Wahema, Wangiti, Wabira, Walendu waliokimbia vita katika eneo la Djugu, na msichana mmoja wa Kimbuti anayesomea uuguzi. Yuko mama aliyekatwa mkono wa kushoto chini ya kiwiko. Blauzi yake naishona mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi wenye vifungo, kwa sababu alikataa mkono mtupu unaoning'inia ili watu wasione. Alisema wapende wasipende, wataona. Mikono ya nguo zake naipiga pasi kwa furaha.

Hatukukubaliana upesi, na sitaki msomaji afikiri tulikumbatiana siku ya kwanza. Mjane mmoja wa Kihema alisimama akasema hawezi kukaa kwenye kikao ambacho habari ya unene inawekwa pamoja na habari ya mume wake aliyeuawa. Mtu akikuita mnene unalia unanyamaza, alisema. Mume wangu hajarudi. Alikuwa na haki. Upande wa pili mama mmoja mnene sana alisema amekuja kupumzika, mambo ya makabila ni siasa, na siasa imetumaliza. Naye nilimwelewa.

Nilimwambia mjane hivi: mama, si sawa, na hakuna hapa atakayesema ni sawa. Tusi halijawahi kufikia uzito wa panga. Lakini waliomwua mzee walijifunza wapi kuangalia uso na kuona takataka? Walijifunza utotoni, kwa kucheka miili ambayo haina mtetezi. Na yule mama mwingine nilimwambia: ukiomba mwili wako uheshimiwe huku unanyamaza huyu wa Kimbuti akiitwa nyani, unaomba upendeleo, huombi haki. Siku utakapokonda watakusahau, naye atabaki na ufupi wake. Mjane hakurudi kwa muda. Aliporudi, alileta kitambaa cha nguo ya kwanza ya rangi tangu afiwe.

Wambuti wanastahili kusemwa zaidi ya mstari mmoja. Mwaka 1904 Wamarekani walimwonyesha Ota Benga, Mmbuti kutoka Kongo, kwenye maonyesho ya St. Louis, Septemba 1906 wakamweka katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, watu wakapanga foleni kumtazama mtu mfupi mwenye meno yaliyochongwa. Wachungaji weusi wa mji huo ndio waliopiga kelele mpaka akatolewa. Tarehe 20 Machi 1916 alijipiga risasi huko Virginia. Ungedhani hayo ni ya Wazungu na ya zamani. Lakini mwishoni mwa 2002 na mwanzoni mwa 2003, huko Mambasa katika Ituri yetu hii, waasi waliwawinda Wambuti msituni, na Mei 2003 mwakilishi wao Sinafasi Makelo alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akasema watu wake wanawindwa na kuliwa kama wanyama wa porini. Waliofanya hivyo walikuwa weusi, Wakongo. Dharau ile ile ya Bronx ilifika msituni bila Mzungu kuibeba.

Na Sarah Baartman. Alichukuliwa kutoka Rasi ya Tumaini Jema akafikishwa London mwaka 1810, watu wakalipa kiingilio kuangalia makalio yake. Alipokufa Paris mwaka 1815, mwanasayansi Georges Cuvier aliupasua mwili wake, na sanamu ya umbo lake na mifupa yake vikawekwa kwenye makumbusho, vikaonyeshwa hata baada ya nchi nyingi za Afrika kupata uhuru. Alizikwa kwao, Hankey, Afrika Kusini, tarehe 9 Agosti 2002. Haukupita mwezi mmoja kabla ya siku yetu. Nilipoisoma tarehe hiyo niliweka kitabu chini. Umbo lile la Sarah ndilo ninalolipima kila wiki hapa dukani: nyonga pana, kiuno kilichoingia. Ni umbo la mama aliyenifundisha kushona. Hakuna muujiza ndani yake wala hakuna aibu. Kinachotakiwa ni kuongeza kitambaa nyuma na kuacha pindo la kutosha.

Huko Marekani wapo wanaojulikana kwa kupigania heshima ya miili minene, na mara nyingi picha zinazosambaa ni za wanawake weupe wanaotabasamu. Lakini mwaka 1972 Johnnie Tillmon, mama mweusi aliyeongoza harakati za haki za maskini waliotegemea msaada wa serikali, aliandika katika jarida la Ms. akihesabu kwa pamoja weusi wake, umaskini wake, umri wake na unene wake, kwa sababu serikali ilimdharau kwa vyote kwa mpigo mmoja. Mwaka 2019 profesa Sabrina Strings alitoa kitabu, Fearing the Black Body, kinachoonyesha kwamba chuki ya unene katika nchi za Magharibi ilikua pamoja na biashara ya watumwa: wenye kuwanunua weusi walihitaji kusema miili yao ni ya ulafi na uvivu, na wembamba ukafanywa alama ya weupe na ustaarabu. Kwa hiyo wanaotaka kutenganisha mapambano haya mawili, hata kwao historia haiwaungi mkono. Mwili wa Mwafrika ulidharauliwa mzima, rangi na umbo kwa pamoja, na hauwezi kurudishiwa heshima vipande vipande.

Vita havijaisha. Tangu mwishoni mwa 2017 Djugu inawaka tena, makundi yenye silaha yamezaana, na Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Kwa damu ya Nyankunde hakuna aliyehukumiwa kwenye mahakama ya kimataifa huko The Hague: Thomas Lubanga alihukumiwa 2012 kwa kuwaingiza watoto jeshini, Germain Katanga, kiongozi wa wapiganaji wa Kingiti, 2014 kwa mauaji ya kijiji cha Bogoro. Sisi tunasubiri, na huku tunasubiri tunaishi pamoja, sokoni, kanisani, kwenye foleni ya kisima. Mdogo wangu ameacha kopo lile. Rangi inamrudia polepole, kwa mabaka, na Jumamosi anakuja na uso wake bila kujifunika.

Ndugu zangu, nina maombi machache. Wachungaji, mzaha juu ya wanene na weusi unaopita mimbarani muuache, maana kesho mnasimama hapo hapo kuombea amani. Walimu, mtoto mfupi msimweke nyuma kwenye picha ya shule. Nyinyi wa kamati za amani, mnapoandika yale yanayochochea chuki, andikeni na majina ya miili: wa pua, wa shingo, wa rangi, wa kimo. Na wewe unayefundisha akina dada kupenda miili yao, siku mwenzao anapotajiwa kabila kwa tusi, simama naye kabla hujasimama kwa ajili yako. Anayetaka kuanza nasi, duka langu liko sokoni Nyankunde. Jumamosi alasiri mlango uko wazi kwa kila kabila na kila kipimo.